Nimeshuka basi siku ya nne, mwili bado unasafiri

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Dar es Salaam. Wiki iliyopita nilipanda basi kwenda Mwanza msibani. Tuliondoka stendi ya Mbezi alfajiri, tukafika usiku. Tangu niliposhuka nahisi bado nimo ndani ya basi. Nikisimama jikoni sakafu inanesa, nikilala kitanda kinapanda na kushuka. Vitu havizunguki, sitapiki, sina homa. Leo siku ya nne. Nimepima malaria, hakuna. Presha 124 kwa 80. Duka la dawa walinipa vidonge vya kizunguzungu, vinanilaza tu. Cha ajabu, jana nilipanda bajaji kwenda sokoni nikajisikia mzima kabisa. Niliposhuka tu hali ikarudi. Wifi yangu anasema nina upungufu wa damu. Jumapili natakiwa kurudi Dar. Je, nina tatizo kwenye ubongo? Na mume wangu, aliyekuja na gari dogo, anasema akisimama kwenye taa anaona gari linarudi nyuma, anakanyaga breki ilhali gari limeshasimama. Naye anaumwa?

Jibu:

Dada yangu, pole kwa msiba, na pole kwa safari. Naanza na bajaji, maana sentensi hiyo moja imenifanyia nusu ya kazi. Mtu mwenye ugonjwa wa sikio la ndani akipandishwa bajaji hali huwa mbaya zaidi. Mwenye kipandauso hivyohivyo. Mwenye presha au upungufu wa damu hatapata nafuu kwa kutikiswa barabarani. Anayejisikia mzima anapotikiswa, kisha akayumba tena akishuka, kwa kawaida ana jambo moja tu, nalo madaktari duniani kote huliita kwa jina la Kifaransa, mal de débarquement, yaani ugonjwa wa kushuka chomboni. Kwa hiyo jibu fupi: kwa maelezo yako sioni dalili ya uvimbe wala kiharusi. Ubongo wako umelizoea basi na haujalizoea tena jiko la Mwanza.

Hali hii mabaharia na wavuvi wanaijua tangu zamani. Ukimuuliza mtu aliyekaa siku kadhaa chomboni atakwambia usiku wa kwanza nchi kavu kitanda humchukua kama wimbi. Watu wengi hudhani ni mambo ya bahari peke yake, ndiyo maana abiria wa basi akiyasema haya huambiwa akapime typhoid. Lakini daktari Mwingereza Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, aliandika tangu miaka ya 1790 kwamba mtu aliyesafiri siku kadhaa kwa gari la farasi, akijilaza kitandani kutafuta usingizi, huendelea kuhisi mtikisiko wa gari, na hata kelele za magurudumu humfuata. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Sioni ajabu.

Hebu tuangalie kilichotokea ndani ya kichwa chako. Ndani kabisa ya kila sikio kuna mirija mitatu myembamba iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji. Hiyo hupima kichwa kinapogeuka. Kando yake kuna vifuko viwili vyenye utando laini unaotelezateleza, na juu ya utando huo zimekaa chembe ndogo mno za chokaa. Basi likiruka tuta, chembe hubaki nyuma kidogo, zinavuta utando, utando unapinda vinyweleo vya neva, na ubongo unapata taarifa: tumepanda, tumeshuka, tumeegemea kushoto. Sasa fikiria saa zote zile. Matuta ya kila kijiji, rasta kabla ya kila tuta, basi kuhama njia kulipita lori, kona za Sekenke. Wakati huohuo macho yako yalikuwa yanatazama mgongo wa kiti cha mbele, nao haukusogea hata kidogo, na makalio yanasema tumekaa kitako. Sikio linasema hili, macho yanasema lile.

Saa za mwanzo ubongo hulalamika, ndipo wengine huchafukwa na roho na kuomba mfuko. Baadaye hufanya jambo la busara zaidi: hujifunza. Ubongo mdogo, ule ulio kisogoni, hukariri mwendo wa basi na kuanza kuufuta kabla haujakusumbua. Basi likiegemea kushoto, tayari umeshaandaliwa mwegemeo wa kulia. Ndiyo maana kufikia Singida watu wanakula chipsi kuku bila taabu ndani ya gari lilelile lililowatapisha Morogoro.

Tatizo linakuja mlangoni, unaposhuka. Mwendo umekwisha ila kazi ya kuufuta inaendelea, na sasa haina cha kufuta, hivyo unaihisi yenyewe kama mwendo. Kama uliwahi kuchota maji mbali, unajua ndoo inavyotuliwa kutoka kichwani baada ya njia ndefu: shingo hubaki inajiinua juu yenyewe, kana kwamba kichwa kinataka kuruka. Misuli bado inabeba ndoo isiyokuwepo. Wewe bado unabeba basi. Ukipanda bajaji ubongo unakipata kile ulichokuwa unakisubiri, hesabu zinakubaliana, unatulia. Ukishuka, hesabu zinaharibika upya.

Kwa watu wengi hali hii huisha kwa saa chache, au wakilala usiku mmoja au mawili. Hata hawaji hospitali. Mwaka 2020 Jumuiya ya Bárány, chama cha kimataifa cha wataalamu wa masuala ya usawa wa mwili, ilichapisha vigezo vya kuitambua: mtu ahisi kuyumba, kunesa au kubembea muda mwingi wa siku, hali ianze ndani ya saa 48 baada ya kushuka chomboni, ipungue kwa muda anapokuwa tena kwenye mwendo, na iendelee zaidi ya saa 48. Ikiisha ndani ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ya mpito. Ikivuka mwezi huitwa sugu. Wewe uko siku ya nne. Umeshavuka mstari wa saa 48, hivyo si uchovu wa safari tu, na kama yupo aliyekwambia unajiendekeza, amekosea. Lakini bado uko mbali sana na huo mwezi, na matumaini yangu kwako ni makubwa.

Kwa nini wewe, wakati abiria wenzako wote wako salama? Mwaka 1987 madaktari Brown na Baloh wa Marekani walieleza wagonjwa sita wa aina hii sugu, na tangu hapo sura ya mgonjwa imekuwa ileile: mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ana miaka ya arobaini, na wengi wao wana historia ya kipandauso. Homoni zinatiliwa shaka, hasa kipindi hiki ambacho hedhi huanza kuyumba. Kwa hiyo nakuomba ujiulize: una kawaida ya kuumwa kichwa upande mmoja, mwanga na kelele vikikukera? Hedhi yako ikoje siku hizi? Na kama imechelewa, pima mimba kabla ya kumeza kidonge kingine chochote. Kwa miaka 43 bado inawezekana.

Kuna jambo jingine hukuliandika ila naliona. Umeshuka kwenye basi ukaingia matangani. Hakuna aliyelala vizuri usiku ule wala uliofuata. Watu wanakesha mkekani, chai ya rangi inazunguka, mtu analia, mtu anapokelewa. Ubongo huyarudisha mambo haya sawa kwa usingizi na kwa kutembea, na matangani vyote viwili ni shida kuvipata. Hiyo peke yake inaweza kuichelewesha nafuu kwa siku kadhaa.

Tuje kwa wifi yako. Mwenye upungufu wa damu huona giza anapoinuka ghafla, moyo humwenda mbio, hukosa pumzi akipanda ngazi. Hanesi akiwa amelala, na bajaji haimponyi. Hata hivyo usimpuuze. Kipimo cha damu ni rahisi na bei yake si kubwa, na wanawake wengi wa umri wako wenye hedhi nzito damu yao iko chini bila wao kujua. Anaweza kuwa hajapatia kuhusu huku kunesa, akawa amepatia kuhusu kitu kingine.

Ipo pia hali ambayo watu huichanganya na hii, ya zile chembe za chokaa kuchomoka mahali pake na kuingia kwenye mirija. Huyo akigeuka kitandani kwenda upande mmoja, chumba kizima huzunguka kwa nguvu kwa sekunde kadhaa, kisha kinatulia. Jipime leo usiku: lala chali, geuza kichwa kulia, subiri, kisha kushoto. Kama chumba kinazunguka, hiyo ndiyo, na ina tiba yake ya kugeuzwageuzwa kichwa ambayo daktari wa masikio anaweza kuimaliza kwa dakika chache. Kama ni kule kubembea kwako tu, taratibu, bila kukoma, tunarudi kwenye basi.

Sasa mambo ya kukukimbiza hospitali bila kusubiri jibu la mtu yeyote. Mdomo kupinda, mkono au mguu kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma ghafla kwa kiasi ambacho hujawahi kukiona, au kushindwa kabisa kusimama bila kushikwa. Sikio moja kuziba na kupoteza usikivu ghafla, hata kama haliumi, ni dharura pia. Na kwa kuwa umekaa kitako siku nzima, angalia miguu. Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida ya basi. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye misuli ya nyuma, chini ya goti, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Hatari hiyo huongezeka kwa safari ya kukaa zaidi ya saa 4, na inaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye.

Vidonge ulivyopewa nadhani ni sinarizini au prometazini, maana hivyo ndivyo maduka yetu huuza kwa kila anayesema kizunguzungu. Ni dawa nzuri ukizitumia kabla ya safari, kuzuia kutapika. Kwa hali yako hazisaidii. Zinafanya kazi kwa kuzipunguza makali taarifa za sikio, wakati ubongo wako sasa unazihitaji taarifa hizo, safi na nyingi, ili ujue kwamba sakafu imetulia. Zikinyweshwa wiki na wiki hukuchelewesha kupona, na sinarizini ya muda mrefu inaweza kuleta mikono kutetemeka na mwili kukakamaa, hasa kwa wazee. Acha. Betahistini nayo, ambayo huenda mtu akakushauri, ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Tiba yako kwa siku hizi ni miguu. Tembea nje mchana, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwenye ardhi ngumu, macho yakitazama mbali. Mwanza imejaa mawe makubwa yasiyokwenda popote. Yatazame hayo, ziwa na mawimbi yake uliache kwanza. Kulala kutwa kitandani kwa kuogopa kuyumba ndilo kosa ninaloliona zaidi, kwa sababu mtu aliyelala anaunyima ubongo kila kitu unachohitaji kujisahihisha. Simu pia: kuteremsha picha na video kwa kidole saa nzima ni mwendo unaoingia kwa macho bila mwili kusogea, yaani ni lilelile fumbo la ndani ya basi.

Fanya na zoezi hili mara tatu kwa siku. Andika herufi moja kubwa kwenye kikaratasi, kibandike ukutani usawa wa macho, simama hatua mbili. Itazame herufi huku unatikisa kichwa kulia na kushoto, kama mtu anayekataa, kwa kasi ambayo herufi bado inasomeka. Dakika moja. Pumzika, kisha fanya juu na chini. Baada ya hapo simama umebana miguu pamoja, ukuta uwe karibu yako wa kushika, nusu dakika macho wazi, nusu dakika umefumba. Ukifumba utahisi kunesa kunazidi. Hilo si baya, ndilo somo lenyewe. Ukiona unaanguka kweli, upande uleule kila mara, acha zoezi uende kwa daktari.

Na bajaji? Najua kishawishi. Wapo wanaogundua kuwa gari linawatuliza, wakawa wanatafuta kila sababu ya kupanda daladala. Nafuu hiyo ni ya mkopo: unajisikia vizuri njiani, na wengi wakishuka hunesa zaidi ya mwanzo. Panda pale unapokuwa na safari ya lazima, usipande kama dawa.

Jumapili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko ubongo wako. Safari yenyewe haina hatari kwako, na ndani ya basi utajisikia mzima, pengine uamini umepona. Hatari ni kuanza upya kuhesabu ukifika Dar. Kama bado unanesa Jumamosi, na kama kazini watakuelewa, sogeza mbele siku tatu nne. Kama haiwezekani, ikate safari. Kwenda kwa basi hadi Dodoma, kulala hapo usiku mmoja, kisha kupanda treni ya umeme, hiyo SGR iliyoanza safari za Dodoma na Dar mwaka 2024, kutakupunguzia mitikisiko mingi. Treni nayo ni mwendo, sikudanganyi, wapo wanaoshuka nayo wakiyumba. Ila haina matuta. Ndani ya basi chagua kiti cha kati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Viti vya mwisho kabisa, vilivyo nyuma ya magurudumu, ndivyo vinavyorusha watu kuliko vyote. Tazama nje, mbali, kuelekea mbele. Kila basi linaposimama, shuka hata kama huna haja, utembee. Ukifika nyumbani usiende moja kwa moja kitandani. Zunguka mtaa kwanza, kisha lala usiku mzima.

Ukifika wiki mbili bila nafuu yoyote, nenda kliniki ya masikio, pua na koo. Ukiwa Mwanza, Bugando wanayo. Ukiwa Dar, Muhimbili. Daktari akikuuliza, usiseme una kizunguzungu tu, maana neno hilo hubeba magonjwa ishirini na utaishia na vidonge vilevile. Mwambie hivi: ilianza niliposhuka kwenye basi baada ya safari ndefu, nanesa muda wote, vitu havizunguki, na nikipanda gari inapungua. Picha ya kichwa huenda ikaja safi, na kwa hali hii huwa safi. Kuwa safi si kwamba unaigiza.

Wachache ambao hali yao hugeuka sugu nao hawajaachwa. Daktari anaweza kutumia klonazepamu kwa dozi ndogo na kwa uangalifu, kwa sababu inazoesha, au dawa za kutibu sonona na za kuzuia kipandauso, hata kwa mtu asiye na sonona. Na mwaka 2014 Mingjia Dai na wenzake wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walichapisha njia ya kuurudisha ubongo kwenye mstari: mgonjwa hukaa kwenye chumba chenye mistari inayozunguka ukutani, huku kichwa chake kikiinamishwa upande hadi upande kwa kufuata mdundo wa kunesa kwake mwenyewe. Kati ya watu 24 wa mwanzo, kama asilimia 70 walipata nafuu kubwa au walipona. Vifaa hivyo ni vya kutafuta, lakini siku ya nne huvihitaji.

Mumeo sasa. Haumwi. Lake ni la macho, si la sikio. Saa nyingi barabara imekuwa ikimjia, inapanuka na kupita pembeni, na seli za ubongo zinazosoma mwendo wa kuja zimechoka. Gari likisimama, zile za mwendo wa kinyume ndizo zinazosikika zaidi, basi anaona kila kitu kinamwacha, kana kwamba gari linarudi nyuma. Mwaka 1834 Robert Addams aliliona jambo hilohilo kwenye maporomoko ya Foyers kule Scotland: alikodolea macho maji yanayoanguka, kisha akatazama miamba ya pembeni, akaiona inapanda juu. Huisha kwa sekunde chache. Kukanyaga breki gari likiwa limesimama hakumdhuru mtu.

Kinachoweza kumdhuru ni ndugu yake wa karibu na hilo. Dereva aliyekaa kwenye 80 au 100 kwa saa kadhaa, akipunguza hadi 70 huhisi anatambaa. Anaingia kijijini akiamini amekuwa mpole sana, kumbe bado anakimbia, na hapo ndipo watoto wanavuka. Mwambie hivi mkirudi: akifika Igunga au Nzega penye kibao cha 50, atazame mshale wa spidi kabla ya kuamua kwamba amepunguza vya kutosha, na kila baada ya saa mbili asimame, ashuke, anyooshe miguu kwa robo saa.